Shajara ya uani: wiki 9 za kuwasaka mbu majini

Ua wangu si mkubwa. Hatua 15 kwa 10, mti mmoja wa kivuli, tangi la maji pembeni, kamba za kuanikia nguo, na uzio wa seng'enge uliosimamishwa kwa nguzo za chuma. Ilifika mahali nguo zinaanikwa mbiombio, maana ukisimama dakika mbili tu miguu inawasha mpaka magotini. Watoto walishahama huko zamani. Nilikuwa nimepuliza dawa mara mbili. Siku ya kwanza kimya, siku ya tatu mbu wote wako kazini kama kawaida. Nikaamua niache kupuliza, nianze kuhesabu. Haya ni yale niliyoyaandika kwenye daftari. Nimenyoosha lugha tu, makosa nimeyaacha yalivyo.

Siku ya 1

Kabla ya kugusa chochote nilitaka namba ya kuanzia. Utaratibu: kigoda chini ya mti, saa 11 jioni, suruali imekunjwa hadi gotini mguu wa kushoto, dakika 10 nikiangalia saa. Nahesabu kila mbu anayetua, namfukuza kabla hajazamisha mdomo. (Palipo na mlipuko wa dengi au malaria hesabu ya namna hii ni kujitafutia kitanda. Huko tumia mtego, mguu uache ndani ya suruali.)

Waliotua: 14.

Mmoja nilimpiga bila kumsaga. Nikamlaza kwenye karatasi nyeupe nikamtazama kwa kioo cha kukuzia. Mweusi, miguu ina pete nyeupe, na mgongoni michirizi myeupe iliyopinda mfano wa kinubi. Aedes aegypti. Angekuwa na mstari mmoja tu mweupe, ulionyooka katikati ya mgongo, angekuwa nduguye, Aedes albopictus. Huyu wangu ndiye anayeambukiza dengi, ile tuiitayo pia kidingapopo, pamoja na homa ya manjano, zika na chikungunya. Hilo la mwisho ni neno la Kimakonde, lenye maana ya kupindika, kwa jinsi maumivu ya viungo yanavyomkunja mgonjwa. Ugonjwa ulitambuliwa kwenye mlipuko wa mwaka 1952 katika uwanda wa juu wa Makonde.

Huyu huuma mchana, zaidi asubuhi na jioni kabla ya giza. Lakini usiku kuna mwingine chumbani, wa kahawia, anayelia sikioni. Nikaandika pembezoni mwa ukurasa: "vita viwili?" Nikaishia hapo.

Siku ya 2

Leo kazi ilikuwa kutafuta maji. Nilidhani ningemaliza kwa nusu saa, nikamaliza kwa saa tatu, na kama nitakavyokiri huko mbele, sikumaliza.

Vifaa: upawa mweupe, tochi, chupa ya kioo. Upawa uwe mweupe kwa sababu viluwiluwi wadogo, wa siku moja, ni kama uzi mfupi mweusi, na kwenye chombo cheusi huwaoni hata wakikutazama. Jambo la pili nililojifunza kwa kukosea: usisogeze kivuli chako juu ya maji. Kivuli kikipita tu wote wanazama kwa kujipindapinda, na wewe unaondoka ukiamini maji ni masafi. Simama jua likiwa mbele yako, chota haraka kwa pembeni, kisha subiri.

Nilikuta vyombo 11 vyenye maji, 6 vikiwa na viluwiluwi. Visahani vya chini ya vyungu vya maua, vyote vitatu. Ndoo iliyopasuka ukingoni niliyokuwa "nitaitengeneza". Mkunjo wa turubai lililofunika mbao. Na tundu la mti, pale tawi lilipokatwa miaka iliyopita likaacha kikombe. Vilivyokuwa na maji bila viluwiluwi ni pamoja na tangi lenyewe, ambalo ndilo nililokuwa nalishuku kuliko vyote. Lina kifuniko kinachobana na bomba la kumwagia ziada limefungwa wavu. Karai la kufulia nalo lilikuwa safi, kwa sababu humwagwa kila siku.

Kilichonishangaza ni udogo wa maji. Kisahani cha tatu kilikuwa na maji yasiyojaza vijiko viwili, na ndani niliwahesabu 19.

Nilichukua baadhi nikawatia kwenye chupa, nikaifunga mdomo kwa kitambaa cha chandarua na mpira, nikaiweka kwenye meza ya uani. Mke wangu aliuliza kama nimeamua kufuga. Nikamwambia ni utafiti. Akasema watafiti huwa na chumba chao.

Siku ya 3

Kumwaga. Nilimwaga kwenye udongo mkavu unaopigwa na jua, siyo kwenye mtaro, maana mtaro nao huenda ukawa na maji yaliyosimama na utakuwa umewahamishia tu makazi. Kwenye udongo wanakauka baada ya muda mfupi.

Halafu kusugua, na hapa ndipo watu wengi (mimi wa kwanza) huona uvivu. Aedes hatagi majini. Hutaga ukutani mwa chombo, kidogo juu ya usawa wa maji, yai mojamoja, na yai hilo likishakomaa huvumilia ukame kwa miezi. Ukimwaga maji ukaacha ukuta, umemwaga watoto ukaacha mayai. Mvua ikirudi na maji yakapanda hadi usawa ule, yanaanguliwa.

Sikutaka kuliamini hilo kwa maneno tu. Visahani viwili nilivisugua kwa brashi ngumu na sabuni, ndani yote, hasa ukingoni. Cha tatu nilikisuuza tu. Vyote nimevianika juani kwa wiki moja. Baada ya hapo nitavijaza maji na kuvifunika kwa wavu, ili asije mbu mpya akaniharibia jibu.

Siku ya 6

Chupa ya mezani. Wanne wamegeuka pupa: wamejikunja mfano wa alama ya mkato, kichwa kikubwa, hawali chochote, ila ukigonga chupa wanashuka chini kwa kupinduka.

Saa 1 asubuhi nilimkuta mmoja ametulia juu kabisa, amenyooka. Ngozi ya mgongo ikapasuka mstari mmoja. Kikatoka kifua kwanza, kikiwa na rangi hafifu, kisha kichwa, kisha miguu ikivutwa polepole, mmoja baada ya mwingine, kama mtu anayetoka kwenye shati lililombana mabegani. Haikuchukua muda. Akasimama juu ya ganda lake mwenyewe lililokuwa likielea, akalifanya mtumbwi, akisubiri mabawa yakauke. Kipindi hicho hata upepo mdogo ungemwangusha akafa maji. Nilijikuta nimeshika pumzi.

Alikuwa dume, mwenye papasi zilizotawanyika kama manyoya. Madume hutangulia kutoka, na hawaumi. Wao ni maji matamu ya maua tu. Jike naye hula hayo hayo kwa ajili ya nguvu. Damu ni kwa ajili ya mayai. Chupa nimeitia sabuni. Nilimwonea huruma kwa dakika moja.

Siku ya 8

Hesabu ya kigodani: 9. Kutoka 14. Nilitarajia 3 au 4. Wale wapevu waliokuwa tayari wanaruka hawafi kwa sababu nimesugua visahani, kwa hiyo huenda ni suala la muda. Au kuna maji sijayaona.

Siku ya 11

Jibu la visahani. Jana asubuhi nilivijaza. Leo kile nilichokisuuza tu kina viluwiluwi wadogo, nimeacha kuhesabu nilipofika 30. Viwili nilivyosugua havina hata mmoja. Brashi sasa ina msumari wake maalumu ukutani, na ole wake atakayeihamisha.

Siku ya 12

Nimetengeneza mtego wa mayai. Ndoo ndogo nyeusi, toboa tundu theluthi moja chini ya ukingo ili maji ya mvua yasifurike, tia maji yaliyolowekewa nyasi kavu kwa siku kadhaa. Yananuka, na harufu hiyo ndiyo inayomvuta jike mwenye mimba. Ndani zungusha ukanda wa kitambaa cheupe chenye kukwaruza, nusu majini nusu juu. Weka kivulini, chini kabisa, mahali pasipo upepo. Anakuja, anatua kwenye kitambaa, anataga. Kila wiki unatoa kitambaa, unahesabu nukta nyeusi kama za wino, unakichoma, unasugua ndoo, unaanza upya.

Sikuutegemea uwamalize. Ni wa kunipa namba isiyotegemea damu yangu.

Siku ya 19

Mayai kwenye kitambaa: 87. Kigodani: 8. Kwa hiyo bado ninao wengi, wananitagia hapahapa, na wanatoka mahali nisipopajua.

Siku ya 29

Aibu.

Nilisafiri kwa jambo la kifamilia, nikasema siku nne, zikawa tisa. Mtego sikumwachia mtu maagizo. Nimerudi leo, nimeinama kuutazama, na kabla sijagusa kitu wakaruka watatu usoni. Ndani: pupa wengi wamening'inia juu, na maganda matupu yanaelea kama makapi. Ndoo nyeusi, maji yenye rutuba, kivuli, hakuna upepo, hakuna anayesumbua. Ningejaribu kubuni kituo cha kuzalishia mbu nisingefanya vizuri zaidi. Mganga hajigangi.

Kigodani jioni: 21. Zaidi ya siku nilipoanza.

Hesabu yenyewe ni rahisi na nilikuwa naijua: joto likiwa la kutosha, yai hadi mbu mpevu ni kama siku 7 hadi 10. Mtego wa mayai usiokaguliwa kila wiki si mtego.

Marekebisho: nimekata kipande cha wavu wa dirisha kwa umbo la ndoo, nimekikaza ndani, usawa wa maji kabisa. Viluwiluwi wanaoanguliwa wakipita chini ya wavu watakua, lakini wakiwa wapevu hawana njia ya kutoka. Na nimeongeza punje za bakteria.

Bakteria hao nitawaeleza kidogo kwa sababu jirani mmoja aliogopa aliposikia jina. Ni Bacillus thuringiensis israelensis, kwa kifupi Bti. Iligunduliwa mwaka 1976 kwenye dimbwi katika jangwa la Negev. Inatengeneza kijiwe cha protini. Kiluwiluwi akikimeza, kinayeyuka tumboni mwake, ambamo hamna asidi kama tumboni mwetu, kisha kinatoboa kuta za utumbo. Kwa mtu, ndege, samaki au nyuki haina madhara hayo. Ila lazima kiluwiluwi ale. Pupa hali. Ukitia punje leo kwenye maji yaliyojaa pupa, keshokutwa bado utaumwa, na utasema dawa ni feki. Mimi nilimwaga kwanza, ndipo nikatia.

Siku ya 31

Wiki hii nimepewa ushauri na kila mtu. Nimeuweka pamoja ili nisiurudie.

Taa ya buluu inayochoma wadudu: inatoa mlio wa kuridhisha sana. Mwaka 1996 walichapisha utafiti wa Chuo Kikuu cha Delaware, Marekani, ambapo waliochomwa walihesabiwa mmoja mmoja: wadudu 13,789, na wanaouma walikuwa 31. Waliobaki ni nondo, mbawakawa na wengineo wasiomdhuru mtu, wakiwemo wanaokula wadudu wenzao. Mbu jike anatafuta pumzi yako na harufu ya ngozi yako, taa haimhusu sana.

Kifaa cha sauti isiyosikika: mapitio ya majaribio 10 ya nje ya maabara, yaliyotolewa mwaka 2007, hayakukuta hata moja lililopunguza kuumwa. Nilikuwa nacho kimoja. Sasa kinashikilia mlango.

Mmea wa harufu kwenye chungu: majani yakiwa yametulia mmeani hayatoi kiasi cha kutosha kumfukuza mbu. Na kisahani cha chini yake ndicho kile cha viluwiluwi 19.

Feni: hii ndiyo niliyoidharau na ndiyo inayofanya kazi. Mbu ni mrukaji dhaifu. Feni ya kawaida ikielekezwa miguuni inamsukuma, na inatawanya pumzi anayoifuata. Haipunguzi mbu hata mmoja uani, lakini unakaa unaongea na mgeni bila kujipiga makofi. Ya kupaka mwilini ninayoiamini ni yenye DEET, icaridin, au mafuta ya mkaratusi-limau, na hiyo ni kinga ya ngozi yangu, mradi huu ni wa ua.

Siku ya 34

Leo nimekwenda kwa mzee wa upande wa pili wa uzio. Aedes si msafiri. Mara nyingi maisha yake yote yanaishia ndani ya mita mia chache kutoka alikozaliwa. Kama hatoki kwangu, anatoka kwa jirani wa karibu sana. Na kwa mzee, kutoka dirishani kwangu, naona tairi tano.

Nilikuwa nimejiandaa kwa maneno. Nilikumbuka Havana, Cuba, ya mwaka 1901, daktari wa jeshi la Marekani William Gorgas alipotuma wakaguzi nyumba kwa nyumba, wakimwaga maji na kufunika mapipa, na homa ya manjano iliyokuwa imeuzoea mji huo ikatoweka mwaka uleule. Lakini Gorgas alikuwa na amri na faini. Mimi nilikuwa na upawa.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Karibu. Nakuonaga unainama inama huko kwako, nikasema huyu kapoteza pete."

Nikamweleza. Akanyamaza. Akaniambia twende. Tairi zake, zote tano, zilikuwa zimetobolewa matundu makubwa chini kwa msumari wa moto. Kavu. Ndani ya moja kulikuwa na mjusi tu.

"Maji nilishayaona zamani," alisema. "Tairi hata uipindue vipi, inabakiza. Dawa yake ni kuitoboa."

Nilitaka ardhi inimeze. Nikaomba radhi, akacheka. Akanisindikiza hadi kwenye uzio, akaweka mkono juu ya nguzo moja, ya kwangu, akachungulia ndani kwa jicho moja.

"Na hizi, mwanangu? Umezichungulia?"

Siku ya 35

Nguzo za uzio. Ni mabomba ya chuma, matupu ndani, na juu zilikuwa na vifuniko vya plastiki. Jua limevila vifuniko. Kati ya nguzo 13, saba ziko wazi. Chini zimezama kwenye zege, kwa hiyo mvua ikiingia haina pa kutokea.

Nimepita hapo mara ngapi na upawa wangu? Kila siku. Zinanifika kifuani, na mimi nilikuwa natazama chini, kwa sababu kichwani mwangu maji huwa chini.

Tochi haikutosha, shimo ni jembamba na maji yako chini sana. Nilifunga mpira mwembamba kwenye bomba la sindano kubwa, nikauteremsha, nikavuta. Mara ya kwanza hewa. Mara ya pili maji meusi yenye kutu, na ndani ya sindano, wakigongana na kuta, viluwiluwi saba na pupa wawili. Kwa mvuto mmoja. Nguzo ya tano peke yake ilitoa maji ya kujaza chupa ndogo ya kunywea, na sikuweza kuwahesabu. Walikuwa wanene, wa hatua ya mwisho, wamesongamana.

Mke wangu alikuja kuangalia. Safari hii hakusema kitu kuhusu watafiti.

Nilitoa maji yote niliyoweza kuyafikia, nikatia punje za bakteria kwenye mabaki, kisha nikajaza mchanga mkavu hadi karibu na mdomo, nikapiga tofali dogo la saruji juu, lililoinuka katikati ili maji yateleze. Nguzo saba, siku nzima, mgongo umekataa. Tundu la mti nalo nimelijaza mchanga. Saruji sikuitia humo. Mti unakua, saruji haikui.

Siku ya 43

Kigodani: 3. Mayai: 12.

Siku ya 50

Kigodani: 1. Mayai: 4. Nilikaa dakika 20 badala ya 10 kwa kutoamini. Yule mmoja alikuja dakika ya kumi na saba.

Sasa lile swali la pembezoni mwa ukurasa. Mchana pametulia, usiku chumbani hali ni ileile ya siku ya kwanza. Yule wa kahawia hajali nguzo zangu. Nimemweka chini ya kioo: hana pete nyeupe miguuni, mwili wa rangi ya udongo. Culex. Huyu anapenda maji machafu: mashimo ya choo, mitaro iliyoziba, chemba. Jike hutaga mayai mia na zaidi kwa pamoja, yameshikana kama chelezo kidogo kinachoelea. Kwa hiyo kusugua kuta hakumhusu, na visahani vya maua si mtaa wake.

Siku ya 52

Jana jioni kabla ya magharibi nilipanda ngazi nikafunga mfuko mwepesi wa chandarua kwenye mdomo wa bomba la hewa la shimo la maji taka. Leo asubuhi mfuko ulikuwa na mbu wanaotambaa ndani kote, kila upande. Nimewahesabu baada ya kuwatia sabuni: 46, usiku mmoja, bomba moja. Na bomba lenyewe liko mita mbili kutoka dirisha la chumba cha kulala. Fundi aliyelijenga sina ugomvi naye, harufu ilikuwa inakwenda juu vizuri.

Nimefunga wavu wa chuma kisichoshika kutu kwenye mdomo, nikaukaza kwa bangili ya bomba. Wavu wa plastiki haudumu juani. Kifuniko cha chemba kilikuwa na ufa unaopitisha kidole. Nimeuziba kwa saruji, na kingo nimezipaka grisi ili kifuniko kiendelee kufunguka.

Kuna mbinu nyingine niliyoipenda kwa akili yake. Makunduchi, Unguja, mwishoni mwa miaka ya 1980, walimwaga shanga nyeupe za polistairini kwenye mashimo ya vyoo. Zinaelea zikafanya zulia juu ya maji. Jike hana pa kutaga, na viluwiluwi walio chini hawafikii hewa. Pamoja na dawa waliyopewa wakazi, ilikuwa ni kwa ajili ya matende na mabusha, ambayo huyu Culex huyasambaza. Zulia hilo hukaa kwa miaka. Kwangu haifai, kwa kuwa shimo langu lina njia ya kutokea maji, na shanga zingesafiri. Kwa shimo lililofungwa pande zote ningeitumia kesho.

Siku ya 57

Usiku wa tano bila kelele sikioni. Chandarua bado tunalala ndani yake, hilo halijadiliwi.

Jambo dogo la gata: nilikuwa nimelisahau kabisa. Limelala katikati, majani yameziba, maji yamesimama urefu wa mkono. Nimetoa majani na kuinua kishikio kimoja. Mpira wa mikunjomikunjo unaoshusha maji kutoka kwenye gata nimeutupa. Kila mkunjo wake hubakiza maji. Nimeweka bomba laini.

Siku ya 63

Ratiba imekuwa hii, kila Jumamosi asubuhi, dakika 15 hadi 20: visahani na brashi, mtego wa mayai, turubai, gata kwa kioo kilichofungwa kwenye fimbo, nguzo zote 13 kwa kidole, wavu wa bomba la hewa kwa macho kutoka chini. Jumamosi haijachaguliwa kwa utakatifu wowote. Nataka kati ya mzunguko na mzunguko zisipite zaidi ya siku 7. Nikisafiri, mtego unapinduliwa mdomo chini na kuwekwa stoo. Mtoto wa kwanza amechukua kazi ya kuhesabu mayai kwa kioo cha kukuzia, na anahesabu vizuri kuliko mimi. Wiki iliyopita nilisema 5, akanionyesha ya sita kwenye pindo la kitambaa.

Mzee wa jirani ameazima sindano na mpira. Amekuta nguzo tatu kwake.

Kigodani jana: 2. Usiku wa kuamkia leo mvua imepiga mfululizo, na asubuhi nimepita kwenye uzio na kikombe mkononi. Saruji ya nguzo ya tano ina ufa mwembamba, na ukiuminya kwa kidole unatoa unyevu. Mchanga chini yake umelowa. Nimeweka kopo juu yake kwa sasa, nikaliegemeza na jiwe. Saruji iliyobaki imeganda mfukoni, itabidi nitafute nyingine kabla ya Jumamosi.